Oili ya Stering Isichemke Saketini: Mwongozo Kamili kwa Wenye Impreza na Jamaa Zake

Mzunguko wa nne au wa tano saketini, yaani kwenye uwanja wa mbio, usukani unakuwa mzito ukiingia kona ya polepole, unalegea kidogo, kisha unakuwa mzito tena. Pampu inalia kama nyuki ndani ya debe. Ukirudi na kufungua boneti unakuta kopo la stering limetapika, oili imetapakaa hadi kwenye ekzosti na harufu ya kuungua imejaa. Wengi hufuta, hujaza tena na kurudi saketini. Hapo ndipo magari huwaka moto.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kuangalia Subaru Impreza WRX na STI za injini ya aina ya EJ, kuanzia toleo la GC8 hadi GD, kwa kuwa ndizo zinazoonekana sana kwenye mbio za lami na za vumbi Afrika Mashariki. Kanuni zake ni zilezile kwa BMW E36 na E46, Nissan 350Z, Mazda MX-5 za zamani, na gari lolote ambalo pampu yake ya stering huzungushwa na belti ya injini. Kama gari lako lina stering ya umeme, kama Subaru BRZ au Toyota GR86, hapa huna oili ya kupoza. Tatizo lako likitokea litakuwa la mota na kompyuta yake, na dawa yake ni nyingine.

Joto linatoka wapi

Watu hulaumu turbo, na ni kweli turbo inachangia. Lakini chanzo kikuu ni pampu yenyewe. Pampu hizi hutengenezwa ili zitoe oili ya kutosha gari likiwa linaegeshwa, injini ikiwa kwenye sailensa, yaani mizunguko kama 750 kwa dakika. Saketini injini inakaa kati ya 4,500 na 7,000, kwa hiyo pampu inasukuma mara 6 hadi 9 ya kile kilichokusudiwa. Reki, ile sehemu inayogeuza magurudumu ya mbele, haihitaji oili yote hiyo. Ndani ya pampu kuna vali inayorudisha ziada kwenye njia ya kuingilia, na ile oili inazunguka humohumo, ikibanwa kupita kwenye tundu dogo tena na tena. Kila ikibanwa inapata joto. Ndiyo maana oili hupanda joto hata kwenye mnyoofu, usukani ukiwa umetulia, mradi mguu wako wa kulia umelala sakafuni.

Chanzo cha pili ni kukaza usukani hadi mwisho. Hapo shinikizo linapanda mpaka vali ya usalama ifunguke, na kwenye pampu nyingi za magari madogo hiyo ni kati ya bar 70 na 100. Piga hesabu: lita 8 kwa dakika zikisukumwa kwa bar 80 ni zaidi kidogo ya kilowati 1, na karibu yote inageuka joto. Oili yote ya mfumo haifiki hata lita 1 kwenye Impreza. Lita 1 ya ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki ambayo stering nyingi huitumia, inahitaji takriban kilojuli 1.7 kupanda nyuzi 1, kwa hiyo kama joto halina pa kwenda, dakika 1 ya kukaza usukani inaongeza zaidi ya nyuzi 35. Kwa oili iliyonaswa ndani ya pampu yenyewe, hali ni mbaya zaidi ya hesabu hii.

Matairi mapana yenye mshiko mkali, magurudumu yaliyosogezwa nje kwa spesa, na kasta (mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia) iliyoongezwa wakati wa alaimenti vyote huongeza uzito wa kugeuza, na uzito huo hulipwa na pampu. Usishangae kama gari halikuwa na shida na matairi ya barabarani, kisha ukaweka matairi laini ya mashindano na ghafla kopo likaanza kutapika.

Jambo moja watu hulielewa vibaya: ATF nzuri haichemki kama maji kwenye joto hili. Kinachofanana na kuchemka ni mambo matatu yanayotokea pamoja. Oili inatanuka, takriban asilimia 7 hadi 8 ikitoka nyuzi 20 kwenda 120. Unyevu uliokuwa ndani yake unageuka mvuke. Na hewa iliyoingia kwenye mfumo inapigwa hadi kuwa povu. Povu hilo ndilo linaloua, kwa sababu hewa hubanika na oili haibaniki, na pampu inayosukuma povu haina nguvu wala haijilainishi.

Pima kabla ya kununua chochote

Ukinunua kipozeo bila kupima hutajua kama kimesaidia. Njia rahisi ni stika za joto zinazobadilika rangi na kubaki hivyo. Bandika moja kwenye bomba la chuma la kurudishia oili, karibu na kopo, na nyingine kwenye mwili wa pampu. Chagua zenye vipimo vya kati ya nyuzi 80 na 140. Safisha chuma kwa spiriti kwanza, la sivyo zitabanduka mzunguko wa kwanza.

Bunduki ya joto ya infraredi inatumika pia, lakini inadanganya kwenye chuma kinachong'aa: inasoma chini sana ya ukweli. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, au funga tepu nyeusi ya umeme, na upime hapo. Pima ndani ya dakika 1 baada ya kuingia piti, sehemu ya kusimamia kando ya saketi, injini ikiwa bado inawaka.

Njia bora kuliko zote ni geji. Weka kiungo cha chuma chenye tundu la sensa kwenye mpira wa kurudisha, sensa ya nyuzi za inchi 1/8, na geji ndogo ya oili ndani ya gari.

Soma namba hivi. Chini ya 100 uko salama. Kati ya 100 na 120 oili inazeeka haraka, na unatakiwa kuibadilisha kila baada ya siku ya mashindano. Zaidi ya 120 unahitaji kipozeo, maana sili za kawaida za mpira wa naitraili huanza kukauka na kupasuka zikikaa kwenye joto hilo. Ukiona 140, toka saketini. Usisubiri bendera.

Anza na hewa, si na joto

Magari mengi yanayoletwa kwa fundi kwa sababu ya "stering kuchemka" yangepona kwa kipande cha mpira cha bei ya soda. Kwenye EJ, pale mpira wa kunyonyea unapoingia juu ya pampu kuna o-ringi. Ikikauka haivujishi oili nje, kwa sababu upande ule pampu inanyonya. Inaingiza hewa. Huoni tone hata moja, lakini kopo limejaa povu la rangi ya waridi na pampu inalia asubuhi gari likiwa baridi. Hiyo ni dalili yake halisi: kelele ya baridi ni hewa, na kelele inayokuja baada ya mizunguko kadhaa tu ni joto. Ukiwa na zote mbili, anza na hewa.

Fungua boliti za kiungo hicho, toa o-ringi ya zamani na ulinganishe na mpya kabla ya kuifunga. Zikitofautiana unene hata kidogo, rudisha dukani. Paka oili ya stering kwenye mpya kabla ya kuiingiza, na kamwe usitumie silikoni ya gasketi. Vipande vyake huishia kwenye vali ya pampu. Badilisha pia klipu za springi za mpira wa kunyonyea kama zimelegea.

Halafu belti. Belti inayoteleza hufanya usukani uwe mzito hivyohivyo, na mtu anaweza kutumia fedha nyingi kupoza oili isiyo na tatizo. Ikiwa imepasuka au inang'aa kama kioo upande wa ndani, weka mpya. Kumbuka kwamba kwenye EJ belti hiyohiyo ndiyo inayozungusha alteneta, kwa hiyo taa ya betri ikiwakawaka pamoja na stering kuwa nzito, tazama belti kwanza.

Mwisho, kiwango cha oili. Kopo la Impreza lina alama za oili baridi na oili moto. Mtu akijaza hadi alama ya moto asubuhi gari likiwa baridi, ile asilimia 7 au 8 ya kutanuka inatafuta pa kutokea, na inatokea kwenye mfuniko. Kwa siku ya saketi, kaa kwenye alama ya baridi au milimita 2 hadi 3 chini yake. Usishuke zaidi, maana kwenye kona kali oili husogea upande mmoja na pampu inanyonya hewa.

Kubadilisha oili yote

Impreza hizi hutumia ATF ya daraja la Dexron III. Oili yoyote ya sintetiki inayoandika wazi kwamba inafaa pale Dexron III inapotakiwa ni sawa, na sintetiki inastahimili joto kuliko ya kawaida. Kwa BMW soma mfuniko wa kopo: baadhi zinataka ATF nyekundu, nyingine, kama M3 ya E46, zinataka oili ya CHF 11S ya kijani. Usichanganye hizo mbili. Na kama kuna mtu aliyewahi kuongeza oili ya breki kwenye kopo la stering, mfumo mzima unahitaji sili mpya, kwa sababu oili ya breki huvimbisha mpira usiotengenezwa kwa ajili yake.

Nunua lita 3. Lita 2 za kusafisha, 1 ya kujaza na akiba.

Inua mbele kwa jeki na uweke stendi pande zote mbili, magurudumu yaning'inie. Nyonya oili ya kopo kwa bomba la sindano kubwa. Chomoa mpira wa kurudisha kwenye kopo, ziba lile tundu la kopo kwa kifuniko cha mpira, na uelekeze ule mpira kwenye chupa ya lita 2 uliyoifunga imara. Jaza kopo. Injini ikiwa imezimwa kabisa, msaidizi azungushe usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho huku wewe ukiongeza oili ili kopo lisikauke. Endelea mpaka oili inayotoka iwe na rangi ileile ya inayoingia. Watu hupenda kuwasha injini ili kazi iende haraka. Pampu inamaliza kopo kwa sekunde chache, inakauka, na unakuwa umeiharibu kwa ajili ya kuokoa dakika kumi.

Angalia kilichotoka. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni joto la siku nyingi. Unga unaong'aa ukiipitisha kwenye kitambaa cheupe ni visu vya pampu vinavyosagika, na pampu ya namna hiyo haifai kupewa kipozeo kipya, itajaza uchafu humo. Badilisha pampu kwanza.

Kipozeo

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo watu hukosea zaidi. Kipozeo huwekwa upande wa kurudi tu, kati ya reki na kopo. Upande wa kutoka pampu kwenda reki una shinikizo la kupasua kipozeo chochote na kumwaga oili kwa sekunde 2. Kabla ya kukata chochote, fuata mabomba kwa mkono: lenye viungo vya kukazwa kwa spana na mpira mnene wenye mikono ya chuma iliyobanwa kiwandani ni la shinikizo. Lenye klipu za kawaida ni la kurudi.

Vitu unavyohitaji:

Kipozeo kidogo cha sahani zilizopangwa, aina inayouzwa kwa ajili ya giaboksi ya otomatiki, chenye urefu wa takriban sentimita 28 na chuchu (ncha za kuchomekea mpira) za milimita 10. Mpira wa oili wa kipenyo cha ndani cha milimita 10, mita 3, ulioandikwa SAE J189 au SAE J1532 ubavuni. Klipu 6 zinazobana mduara mzima bila meno yanayokata mpira. Raba za kufungia, na mkanda wa aluminiamu wa milimita 3 wa kutengenezea mabano.

Kuhusu mpira, usikubali kuuziwa wa rejeta. Huo ni wa aina ya EPDM, haupatani na oili zinazotokana na mafuta ghafi; baada ya wiki chache unavimba, unalainika na kuteleza kwenye chuchu. Mpira wa petroli wa kawaida nao haujatengenezwa kwa joto hili. Kama maandishi ya ubavuni yamefutika, acha hapo dukani. Vipozeo vilivyotumika vinapatikana kwa wingi Kirinyaga Road Nairobi, Gerezani Dar es Salaam au Kisekka Kampala, na kipozeo cha giaboksi kilichotolewa kwenye gari la Japani kinaweza kufaa kabisa, ila tu kama hujui giaboksi ile ilikufaje, usikichukue. Unga wa chuma ukishaingia ndani ya zile sahani hakuna mafuta ya taa yatakayoutoa wote.

Kuna aina ya bei nafuu ambayo ni bomba la aluminiamu lenye mapezi tu. Ni bora kuliko kukosa, na kwa gari la siku moja moja inatosha kushusha joto kidogo. Kwa STI yenye matairi laini haitoshi.

Mahali pa kukiweka: nyuma ya mdomo wa chini wa bampa, mbele ya kondensa ya AC, upande wa kulia, kwa kuwa pampu ya EJ iko kulia na mipira itakuwa mifupi. Acha nafasi ya sentimita 1 hadi 2 kati yake na kondensa. Hewa lazima iwe na pa kutokea nyuma. Kipozeo kilichofichwa kwenye kona ya bampa isiyo na tundu la kutokea ni pambo. Usikifunge kwa tai za plastiki zinazopita katikati ya mapezi ya rejeta. Mtikisiko utazigeuza msumeno, na utakuja kupoteza maji ya injini badala ya oili ya stering. Tengeneza mabano mawili ya aluminiamu yanayoshika kwenye boriti ya bampa, na raba katikati.

Chuchu zitazame juu au upande. Zikitazama chini hewa inanaswa ndani na hutaitoa. Kama zimetazama upande, mpira unaotoka kwenye reki uingie chini na unaokwenda kwenye kopo utokee juu.

Sasa kata. Weka beseni chini. Kata mpira wa kurudisha mahali palipo baridi na rahisi kufikia. Pitisha mipira mipya mbali na belti, feni na turbo, na usiikunje kwa duara dogo kuliko kiganja chako. Mkunjo mkali hubana njia. Kila mbano huongeza shinikizo la kurudi, na shinikizo hilo hukaa kwenye sili za reki. Kwa sababu hiyohiyo usitumie viungo vya pembe nyingi vya nyuzi 90. Kimoja, viwili kwa shida. Pale mpira unapopita kwenye tundu la bodi, uvalishe mpira mwingine uliopasuliwa ubavuni.

Sukuma mpira upite ile pete ya chuchu, klipu ikae nyuma ya pete na si juu yake. Kaza kwa mkono wa wastani. Baada ya siku ya kwanza ya joto, kaza tena kidogo, kwa kuwa mpira mpya hukaa.

Ukitaka, weka na filta ndogo yenye sumaku kabla ya kipozeo. Ni kitu kizuri, lakini itupe baada ya tukio la kwanza na uweke nyingine. Hiyo ya kwanza ndiyo inayokamata uchafu wote wa miaka 20, na ikiziba inakuwa kizuizi kipya.

Walio nyanda za juu wakumbuke kwamba hewa ya Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, na kipozeo kinafanya kazi pungufu kwa sababu hiyo. Ukiwa kati ya saizi mbili, chukua kubwa. Na wa mbio za vumbi waoshe mapezi kwa maji ya taratibu kutoka nyuma kwenda mbele kila baada ya siku. Mashine ya presha hulaza mapezi.

Kutoa hewa

Magurudumu ya mbele yakiwa hewani na injini imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 20, ukijaza kopo. Subiri dakika 10. Washa injini, iache kwenye sailensa, zungusha polepole mara 5 bila kukaza kwenye mwisho zaidi ya sekunde 2. Zima. Ukiona povu, usiendelee kuzungusha kwa matumaini, unalipiga zaidi. Acha gari likae dakika 30 hadi 60, povu lipande lenyewe, kisha urudie. Kipozeo kipya kawaida kinahitaji kurudia mara 2 au 3. Povu likigoma baada ya hapo, bado kuna mahali hewa inaingia, na mara nyingi ni ile o-ringi.

Shusha gari, liendeshe kilomita chache, kagua kila kiungo kwa tochi na kitambaa cheupe.

Kopo na chupa ya kudakia

Mfuniko wa kopo una tundu la kupumulia. Kulifunga kwa gundi ili lisitapike ni kosa la kila msimu: oili ikipoa inasinyaa, mfumo unavuta hewa kupitia sili, na siku inayofuata una povu. Badala yake nunua mfuniko wa ziada, toboa, weka chuchu ya milimita 6, na upeleke mpira kwenye chupa ya mililita 500 iliyofungwa imara mbali na turbo. Chupa nayo iwe na tundu la hewa juu. Ile bendeji ya jasho ya wacheza tenisi inayovalishwa kopo ni sawa kwa kukamata matone. Lakini kikiwa kimelowa hadi kinadondosha, kitambaa kile kimekuwa utambi.

Na hili la moto si la kutishia watoto. Ekzosti ya turbo saketini hupita nyuzi 600 kwa urahisi, na ATF hushika moto kwenye chuma chenye joto la chini sana ya hapo. Kizimamoto cha unga cha kilo 2, kilichofungwa kwa bano la chuma mahali dereva anapofikia akiwa amefunga mkanda, ni sehemu ya mfumo wa stering.

Puli kubwa ya pampu

Ukishaweka kipozeo na bado unaona zaidi ya 120, punguza mwendo wa pampu. Puli ya pampu iliyo kubwa kwa asilimia 15 inafanya pampu izunguke injini ikiwa 7,000 kama ilivyokuwa ikizunguka injini ikiwa 6,100. Joto la ndani ya pampu linashuka sana kwa sababu mbano kwenye ile vali hupungua haraka kuliko mwendo. Belti lazima iwe ndefu zaidi: puli ikiongezeka kipenyo kwa milimita 20, ongeza takriban milimita 30 za belti. Gharama yake ni usukani mzito kidogo ukiegesha. Usijaribu kupata matokeo hayo kwa puli ndogo ya kranki, ile ya injini inayozungusha belti. Hiyo inapunguza na alteneta, na utabadilisha tatizo la stering kuwa tatizo la betri.

Joto la nje

Valisha bomba la shinikizo soksi ya kuzuia joto pale linapopita karibu na turbo na bomba la kupandia la ekzosti. Kama umeweka manifoldi ya kununua, hakikisha ngao za chuma za kiwandani zimerudishwa. Watu huziacha gereji kwa sababu boliti zilikatika. Bila ngao hizo, reki inakaa ikichomwa kutoka pembeni na kipozeo kinapigana vita viwili.

Mikono ya dereva

Usikaze usukani hadi mwisho. Gari likiteleza na kuzunguka, kisha likasimama, rudisha usukani nyuma hata robo ya mzunguko kabla ya kufikiri jambo jingine. Kwenye foleni ya kuingia saketini usigeuze magurudumu gari likiwa limesimama. Hilo ndilo zito kuliko yote na hewa haipiti kwenye kipozeo. Mzunguko wa mwisho uwe wa kupoza, gia ya juu, injini chini ya 3,500. Ukifika piti, acha injini kwenye sailensa dakika 2 au 3 boneti ikiwa wazi, usiguse usukani, kisha zima. Ukizima papo hapo, joto la turbo linapanda juu na oili iliyosimama ndani ya mipira inaokwa.

Baada ya siku

Gari likishapoa kabisa, soma kiwango. Kikiwa chini kuliko asubuhi na chupa ya kudakia ni kavu, kuna mvujo. Minya mipira miwili ya mikunjo kwenye ncha za reki: ikiwa laini na nzito kama mfuko wa maji, sili za ndani za reki zimeshakufa na oili inajikusanya humo. Nusa oili. Nyekundu safi isiyo na harufu, kama joto la siku halikupita 100, inaweza kuendelea tukio jingine. Ya kahawia yenye harufu ya mkate ulioungua itolewe yote kabla gari halijarudi barabarani. Andika joto la juu la siku kwenye kipande cha tepu na ukibandike chini ya boneti, pamoja na tarehe na aina ya matairi uliyotumia.